Besi ya Fanueli na Shikamoo Zake

Wengi wanaoharibu mali ya kijiji huiharibu kwa uzembe. Fanueli aliiharibu kwa adabu.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, katika kijiji kimoja cha ujamaa juu ya Soni. Kijiji kilikuwa na shamba la kabichi la pamoja, duka la pamoja na bendi ya pamoja, na mpiga gitaa la besi alikuwa Fanueli. Alipiga vizuri, asikudanganye mtu. Alikulia kwenye kwaya ya Kilutheri akiimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, na vidole vyake vilijua pa kwenda kabla yeye hajafikiri. Hata akipalilia kabichi aliwaza besi tu.

Taabu ilikuwa mkanda wa kulitundika gitaa begani. Tundu la ngozi lilikuwa limepanuka, na mkanda ukilegea kidogo tu unachomoka kwenye kishikizo chake cha chuma. Mtu mwingine angesimama wima, yakaisha. Fanueli hakuweza. Mzee akipita mbele ya jukwaa, huyo anainama mpaka kiunoni, "Shikamoo baba!", na besi chini, puu! Mara ya kwanza alikuwa akimwamkia mwinjilisti. Mara ya pili alikuwa akimwamkia Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, na besi ikamwangukia Mwenyekiti kwenye kidole gumba cha mguu.

"Ndugu Fanueli," Mwenyekiti alisema akichechemea, "hii ni mali ya wote. Ikianguka tena, anaichukua Silvano."

Silvano alikuwa mwitikiaji, hana chombo. Tangu siku hiyo alisimama ubavuni kwa Fanueli, viganja wazi, kama anayesubiri kudaka peasi linalodondoka mtini. Fanueli alikosa usingizi. Alijaribu kuufunga mkanda kwa kamba ya katani, ikakatika mazoezini, na besi akaiokoa kwa magoti. Ndipo akaenda kwa mzee Bakari, fundi baiskeli.

Bakari aligeuza besi huku na huku. Akakata vipande viwili vya mpira mnene wa tairi kuukuu, akavitoboa vitundu vidogo kuliko vishikizo, kisha akavivuta kwa nguvu na kuvipachika kwenye vishikizo, juu ya mkanda, kimoja kila upande.

"Hapo mkanda hauna pa kutokea," alisema. "Ila dawa hasa ni wewe kuacha kuinama."

"Nitaachaje, mzee wangu?"

"Haya, inama basi. Tutaona."

Siku ya Saba Saba bendi ilipiga kwenye uwanja wa shule. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, akaja Yunis, mchumba wake Fanueli, pamoja na mama yake, wakaketi benchi la mbele kabisa. Fanueli angeweza kungoja wimbo uishe. Wenye akili wote wangengoja. Lakini mkwe ameketi pale, na yeye amesimama tu kama nguzo? Alimtazama Silvano, akaitazama besi kwa uchungu, akainama.

"Shikamoo mama!"

Mpira ukavutika. Ukashika.

Lakini vipaza sauti vilinguruma, na Mama Yunis hakusikia kitu. Sasa mtu atainukaje kabla ya marahaba? Fanueli akabaki vilevile, anapiga, jasho linadondokea nyuzi. Ubeti ukapita, kiitikio kikapita. Vijana wakadhani ndio mtindo mpya kutoka Tanga, nao wakaanza kucheza wameinama. Silvano alingoja, akangoja, mwisho akatia mikono mfukoni.

Wimbo ulipokwisha, sauti ikatoka huko chini, kama ya mtu anayetaka kulia:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe muda wote huo ulikuwa unaniamkia? Simama, utavunjika mgongo!"

Fanueli akasimama taratibu, mkono mmoja kiunoni, na besi ikasimama pamoja naye.