Kirangozi Hapitwi

Mwaka ule shule yetu ya Tabora ilipopewa kuandaa michezo ya vijana wa nchi jirani, tuliambiwa tuwaachie wageni mabweni, sisi tulale madarasani. Hatukunung'unika. Walikuja vijana wa Kenya, wa Uganda na wa Rodeshia ya Kaskazini, kila kundi na rangi ya fulana zake, na mji mzima ukahamia uwanjani. Wauza kahawa na kashata wa mtaa wa Ng'ambo walifunga vibanda vyao wakaja kuuza pembeni mwa mistari ya chokaa. Kulikuwa na kurusha mkuki, kuruka juu, ngumi, mpira, na mbio za kila namna. Jioni wageni walitufundisha nyimbo zao, nasi tukawafundisha zetu, na hakuna aliyejali maneno yakikosewa. Sikumbuki juma lingine la shule nililocheka kiasi kile.

Mimi na mdogo wangu tulichaguliwa kukimbia maili tatu. Namwita mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mdogo, na tulilelewa pamoja kwa babu, njia ya Sikonge. Ilitangazwa mapema kwamba mshindi wa maili tatu atapelekwa Kampala kukimbia huko, kwa treni mpaka Mwanza, kisha kwa meli ya ziwani. Mdogo wangu alikuwa hajapanda treni hata siku moja. Alikuja shule kwa baiskeli, na siku za mapumziko alikwenda stesheni kutazama mabehewa tu, kisha akarudi. Aliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Mimi nilitaka kutazamwa.

Aliyetufundisha kukimbia ni babu. Ujanani mwake, kabla ya reli, alikuwa kirangozi, yaani mtu anayetangulia mbele ya msafara wa wapagazi wa pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani. Kirangozi hapitwi. Mpagazi aliyempita njiani alitozwa faini. Kirangozi akichoka, mwenyewe hujitoa pembeni, akasema, "Nimetua," ndipo mwingine anashika njia. Wakati wa likizo babu alitukimbiza kwenye njia ile ile ya zamani, mimi mbele kwa kuwa ndimi mkubwa, mdogo wangu nyuma. Hakuwahi kunipita. Nilidhani hawezi.

Asubuhi ya mbio mpishi wa shule, Mgogo, mtani wetu, alitupokea jikoni na upawa mkononi.

"Wanyamwezi, leo hakuna mzigo kichwani. Mtajua kwenda kweli?"

"Wewe koroga uji," nikamjibu. "Mgogo ukimwona anakimbia, ng'ombe wamepotea."

"Hawapotei. Huwa nawakuta kwenu, mmekwisha wala."

Mganda mmoja mrefu, aliyekuwa akingoja uji, alirudi nyuma hatua chache akidhani tutashikana. Mdogo wangu akamtuliza. "Ni watani hao. Wasipotukanana wataugua."

Bastola ilipolia, nilitoka mbele ya wote. Watu walishangilia, nami nikaongeza mwendo kwa ajili yao, kosa ambalo babu alitukataza. Mizunguko ya kwanza ilikuwa tamu. Kisha miguu ikawa mizito. Yule Mganda mrefu akanipita bila kunitazama, na Mkenya mmoja akamfuata. Nyuma yangu nilisikia pumzi za mdogo wangu, zimetulia, kama za mtu anayekwenda kisimani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba angeweza kunipita siku yoyote, tangu zamani, na kwamba hangenipita mpaka nitue.

Nilielewa, na bado nilikimbia mzunguko mzima mbele yake. Nilijiambia nguvu zitarudi. Kweli ni kwamba wasichana wa shule ya jirani walikuwa wameketi upande ule.

Sauti ya mpishi ikapaa juu ya kelele zote: "We mpagazi! Pembe unaipeleka wapi? Mpishe mwenzio!"

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Nikatoka pembeni, kwenye majani.

"Pita! Nimetua!"

"Kaka?"

"Nimetua, pita!"

Sijapata kuona mtu akikimbia vile. Alimwacha Mkenya kwenye kona. Akamfikia Mganda karibu na utepe, wakaenda bega kwa bega, na Mganda akatangulia kuukata utepe kwa kifua. Mdogo wangu akawa wa pili. Mimi niliwasili na wa mwisho, mpishi akanipigia makofi peke yake.

Babu alikuwa ameketi na wazazi. Nilimwendea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulichoka lini?"

"Mapema, babu."

"Mh," akasema, akamgeukia mdogo wangu na kumpa kibuyu cha asali.

Siku ya kuagana tuliwasindikiza wageni stesheni. Mganda akiwa dirishani alimuuliza mdogo wangu kwa nini alikaa nyuma yangu muda wote ule.

"Ni kaka yangu."

"Wangu ningemruka!"

Tulicheka sote, mdogo wangu kuliko wote. Treni ilipoondoka alibaki akiitazama mpaka moshi ukaisha. Hakunilaumu siku ile, wala baadaye, alipopata kazi ya kuendesha malori ya pamba ya Igunga na kuona miji mingi kuliko mimi. Lakini Kampala hakufika.

Sasa sote ni wazee, na tunakwenda kanisani kwa njia nyembamba ya mashambani, mimi mbele, yeye nyuma. Jumapili iliyopita nilijitoa pembeni, kwenye majani.

"Pita," nikamwambia.

"Umechoka?"

"Sijachoka. Pita tu."

Akasimama, akaegemea fimbo yake. "Kama hujachoka, kaka, ongoza. Tutachelewa."

Nikarudi njiani, nikaongoza.