Unga Niliourudisha Kutoka Birongo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hata leo. Nilikuwa kijana kama wewe, nimepokelewa katika kituo cha kulea biashara changa hapa mjini Kisii. Nilitengeneza unga wa ndizi, wa uji wa watoto. Ndizi nilizitoa Nyamache, nikazianika kwenye kikaushio tulichotumia kwa zamu pale kituoni, na akina mama wa Birongo walikuwa wameanza kuupenda unga wangu.

Msimu ule mvua haikutupa nafasi ya kukausha ndizi vizuri. Asubuhi moja nilifungua gunia nikakutana na uvundo. Nikachota unga kiganjani, nikaona vidoadoa vya kijani. Moyo ukanilipuka, maana unga uliosagwa pamoja na huo nilikwisha kuuza Birongo.

Na kesho yake wageni walikuwa wanakuja kuchagua biashara watakazozisaidia kukua. Nikamwendea Mzee Onchiri, mlezi wetu, mtu mpole aliyewahi kuwa na kiwanda cha mikate mpaka kikaanguka. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza kama naweza kungoja wageni waondoke. Uso wake ulibadilika.

“Moraa,” alisema, “wageni watakuja hata mwakani. Tumbo la mtoto halingoji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda sasa hivi.”

Nikaenda. Mwanangu, usiombe mwendo kama ule. Kila boma nililokaribia nilitega sikio kwanza, kama kuna kilio. Nilipomwona mtoto akicheza uani, nilishukuru kimoyomoyo. Nikaomba nirudishiwe unga, nikaeleza sababu, nikaendelea. Wengine walinisonya. Mama mmoja aliumwaga unga miguuni pangu.

Kwa Kerubo, mteja wangu wa kwanza kabisa, nilikuta mlango umefungwa. Jirani akasema wamemkimbiza mtoto hospitali, anatapika na kuharisha. Sikumbuki nilifikaje huko. Kerubo alikuwa ameketi kwenye benchi, mtoto amelegea mapajani, macho yameingia ndani. Nikamweleza daktari habari ya unga, na Kerubo akasikia kila neno. Hakunitukana. Alinitazama tu, na mtazamo ule niliuogopa kuliko matusi.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Daktari alisema huenda ni maji, huenda ni uji. Sijui mpaka leo. Yule mtoto sasa ni mwanaume mwenye ndevu, na akinisalimu barabarani bado nashtuka.

Wageni hawakunichagua. Nilijifunza kukausha upya, tangu mwanzo, na akina mama wa Birongo wakanirudia mmoja mmoja, polepole sana. Kerubo hakurudi.

Sasa nawe umepokelewa kituoni. Watakufundisha kutafuta soko, kunena mbele ya watu, kukua. Yashike yote. Lakini siku utakaposikia uvundo ndani ya kazi yako, sema siku hiyohiyo, na uanze na yule aliyekwisha kula. Usingoje hofu ikuishe ndipo uende. Mimi nilikwenda natetemeka, na mtu anayetetemeka bado anaweza kutembea.

Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, mwanangu, na kila mtoto atakayeionja aamke salama.