Breki Zilizobana Zikiwa Baridi

Ukitaka kunicheka, cheka tu, lakini mikono iliyogusa diski zile ni hii yangu. Mimi ni fundi wa magari Homa Bay. Breki nazijua.

Lori letu kuukuu lilikuwa la kaka yangu Okelo. Alipougua, nilitoa breki za zamani nikamfungia za diski, nikisema akipona atazifurahia. Hakupona. Safari ya kwanza ya breki hizo ikawa kumpeleka yeye mwenyewe nyumbani Muhuru Bay, ndani ya jeneza, mama ameketi kando yake. Mama alitaka mwanawe alale kwake kabla jua halijatua.

Kabla ya kufika Rongo magurudumu yakapata moto, yakaanza kunuka. Hilo halikunishtua. Fimbo inayosukuma masta silinda, ile pampu ya breki, ilikuwa ndefu kidogo, kwa hiyo mafuta ya breki hayakurudi na breki hazikuachia. Nikaifupisha, diski zikapoa, tukaenda vizuri hadi njia panda ya Muhuru, karibu na Migori. Hapo lori likasimama kabisa.

Nikalegeza nati ya kutoa hewa. Hakuna presha, lakini magurudumu yote yamebanwa. Nikagusa diski. Wewe umewahi kuona wapi breki iliyobana ikawa baridi kama maji ya mtungi?

Mama akagonga jeneza polepole. "Nyathina, mwanangu, ni nini? Si twende nyumbani?"

Ndipo mwanamke akainuka kwenye kivuli cha kibanda. Akinyi, mke wa Okelo! Walikosana, akarudi kwao. Mama alikuwa amekataa katakata Akinyi aambiwe habari za msiba.

"Shem, mbona mmechelewa hivi?" aliniuliza akitabasamu, begi mkononi. "Okelo alinipitia asubuhi. Ameniambia nipange nguo, mtanichukua hapa na lori. Yeye ako wapi?"

Nikaligeukia jeneza. Ilinichoma moyo. Mama ndiye aliyeshuka akamkumbatia, wakalia wote wawili pale barabarani. Tulipompandisha Akinyi, lori likajisogeza kabla sijawasha injini.

Tulimzika Okelo. Siku hizi Akinyi anaishi na mama. Gauni alilofungasha kwa furaha siku ile bado limo ndani ya begi, hajawahi kulitoa.

Basi nawe ukimpeleka mtu wako nyumbani na gari likabana, pima kwanza fimbo ya masta silinda. Kisha gusa diski. Zikiwa moto, endelea na kazi. Zikiwa baridi, weka spana chini, uwaulize wenzako ni nani ambaye hamkumwambia.