Mwanamkasi na Hesabu za Urubani

Dada yangu Mwanamkasi anataka kurusha ndege za jeshi. Vijana wengi hapa mtaani kwetu Washwood Heath wanataka gari tu, yeye ndege. Ana miaka ishirini na mbili, anafungasha maboksi ghalani, diploma ya koleji anayo. Kinachomkwamisha ni GCSE ya hesabu, ule mtihani wa sekondari wa Waingereza. Bila grade 4, daraja la kupasi, jeshi la anga hawamtaki. Kashafeli mara mbili, zote kwa maksi chache.

Mama akampeleka kwa Mwalimu Alfayo, Mkenya wa mtaa wa pili. Kwao alifundisha hesabu miaka kumi na moja, hapa anatunza wazee kwenye makao yao Great Barr. Na mie nikafuata, kwake kuna chapati.

Alfayo akampa mtihani wa zamani, akakaa anamtazama. Dada anapiga hesabu kwa penseli, anaandika jibu kwa peni, halafu anafuta penseli yote. Alipomaliza, karatasi nyeupe kama kanzu ya Idi.

"Hii ya saba umekosa," Alfayo akasema. "Ulifanya aje?"

"Nishafuta, mwalimu. Ilikuwa rafu."

"Sasa kwa nini ufute?"

"Mama akiona rafu kwenye daftari, narudia lote. Tangu mdogo."

Alfayo akavua miwani. "Dadangu, hiyo rafu ndiyo iko na maksi. Jibu likikosa na njia iko sawa, unapata mbili kwa tatu. Wewe umekuwa ukifuta maksi zako na mkono yako mwenyewe."

Nikacheka, Dada akanichapa daftari la kichwa.

Siku hiyohiyo akanyang'anywa penseli na raba. Wiki za mwanzo aliteseka kweli.

"Mwalimu, karatasi kama imepitiwa na kuku. Naona haya."

"Wacha kuku watembee."

Novemba akafanya mtihani kwa peni, kila hatua iko wazi. Januari majibu yakaja kwenye simu, sote tumemzunguka jikoni, Mama na mwiko mkononi.

"Nne," Dada akasema.

"Nne kati ya ngapi?" Mama akauliza.

"Tisa."

"Mbona hata nusu haijafika?"

"Ndege inaruka nayo, Mama."

Akavuta kiti, akafungua fomu ya jeshi la anga. Palipoulizwa hesabu, akaandika nne, akaitazama kidogo, akaendelea na swali linalofuata.