Duka Letu Lilipoitwa Hayawani

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe. Shamba likauzwa. Mwenye mali mpya akaja na kompyuta yake na binamu yake wa kuibonyeza, nami nikashikwa mkono, nikaambiwa asante kwa utumishi wangu, na mashine yangu ya chapa ikatupwa stoo pamoja na majembe mabovu. Tuliambiwa hilo ndilo soko huria. Mimi niliona uhuru wenyewe ni wa binamu.

Nikarudi kwenye nilichokijua tangu utoto, yaani asali. Kwetu ni Sindeni, na ndugu zangu hurina asali porini kila msimu. Nikafungua kibanda nyuma ya stendi ya mabasi, nikakichangia na wanawake wawili niliokutana nao sokoni. Mmoja alikuwa bibi wa Vugiri, mjane wa Kishambaa, aliyeteremka mlimani na mafurushi ya mdalasini na iliki yaliyoacha harufu kwenye nguo zetu hadi nyumbani. Mwingine alikuwa mama wa Kimaasai kutoka mbuga za Handeni, aliyeleta shanga alizotunga yeye na wake wenzake. Huyo mama alikuwa na maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa ya kukataa.

Tuliuza vizuri kwa wasafiri. Lakini hiyo ilikuwa miaka ambayo kila mwenye tai alikuwa akisema utandawazi, redioni, msibani, hata kwenye mahafali ya chekechea. Kuuza vizuri kwa wasafiri kukaanza kuonekana ushamba.

Hapo ndipo mtaalamu alipotujia. Alikuwa kijana wa hapa hapa mjini, aliyekwenda Dar es Salaam akakaa huko kidogo, akarudi na koti. Koti lile alilivaa katika joto la Korogwe saa nane mchana, na jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, kwa sababu bila koti angekuwa mtoto wa jirani tu. Alikuwa amefungua chumba cha intaneti karibu na stendi. Mtaalamu wa nini hasa, hakuna aliyemuuliza.

Alisimama mbele ya kibanda, akamtazama bibi wa Vugiri, mwanamke aliyeweza kumzaa mama yake, akamwambia, "Hai!"

Bibi alimjibu kwa Kishambaa. Sitatafsiri.

"Kina mama," mtaalamu akaendelea, "mmelala. Wenzenu wanauza Ulaya na Marekani bila kutoka nyumbani. Mnahitaji duka kwenye mtandao. Na duka linaanza na domeni."

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza.

"Ni jina la duka lenu duniani. Mtu akiliandika kwenye kompyuta, popote alipo, anafika kwenu. Likishaandikishwa, hakuna mwingine duniani anayeweza kulitumia."

"Hata akiwa na duka kubwa kuliko letu?" bibi akauliza.

"Hata akiwa nalo kubwa namna gani."

Hilo lilimpendeza bibi. Alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na jirani yake wa Vugiri aliyeiga kila alichofanya, hata mpaka wa maua mbele ya nyumba. Jina ambalo jirani hawezi kuliiga! Tukakubali.

Siku ya kuchagua jina tulikutana kwenye chumba chake cha intaneti. Mimi nilikuja na jina langu tayari, asalinashanga, yote kwa pamoja bila nafasi, kwani nilishaambiwa kwamba majina hayo hayaruhusu nafasi. Bibi alinuna kidogo.

"Na mdalasini wangu?"

"Likizidi urefu watu watachoka kuliandika, bibi."

Akafikiri. "Basi. Watakaofuata asali watanusa wenyewe."

Mama wa shanga aliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo sisi wenye duka tulikuwa tumemaliza kabla chai haijapoa. Lakini mtaalamu alikuwa akitabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri mtoto amalize kusema.

"Zuri sana," alisema. "Lakini hilo ni jina la sokoni hapa. Mzungu hawezi kulitamka. Jina lazima liwe la Kiingereza. Hayo ni mambo ya brendi."

"Asiyeweza kulitamka atashindwa pia kuila hiyo asali?" mama wa shanga akauliza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya siku ile.

Mtaalamu akachukua chaki. Alianza kutueleza brendi. Alieleza kwa muda mrefu, akichora viduara ubaoni na mishale ya kutoka kiduara kimoja kwenda kingine, na kila nilipodhani nimeelewa aliongeza mshale. Nilipomuuliza kwa nini jina lisiishie kwa zile herufi mbili za nchi yetu, alicheka waziwazi na kusema hizo ni za ofisi za serikali, mfanyabiashara makini huishia na nukta com. Nilikuja kujua baadaye kwamba huo ulikuwa uongo, na nadhani hata yeye hakujua kwamba ni uongo, jambo ambalo ni baya zaidi.

Alitushinda kwa kitu kimoja tu. Jina hilo lilipaswa kulipiwa kwa kadi ya benki ya aina ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, naye alikuwa na rafiki Dar aliyekuwa nayo. Mwenye kadi ndiye mwenye kauli. Akaamua duka liitwe kwa Kiingereza maneno yenye maana ya asali bora ya porini, bestwildhoney. Shanga zikaachwa nje. Iliki ikaachwa nje. Tulipiga makofi, Mungu atusamehe.

Baada ya muda akaja na lebo alizozichapisha kwa ajili ya chupa zetu, zenye jina la duka kwa herufi za dhahabu. Akazimwaga mezani kama mtu anayemwaga zawadi. Nilichukua moja.

Mimi nimekula mkate wangu kwa kusahihisha barua za wakubwa. Jicho langu haliwezi kupita juu ya neno bila kulipekua. Kwenye neno la kwanza kulikuwa na herufi moja iliyozidi. Badala ya best, bora, palikuwa na beast, mnyama, hayawani.

"Umekosea hapa kwenye lebo," nikamwambia.

Akatazama. Akaigeuza lebo, akaigeuza tena.

"Hapana, dada. Ndivyo lilivyoandikishwa."

"Basi umekosea kwenye kuandikisha."

"Kompyuta haikosei."

"Kompyuta sijaisema. Nasema vidole vyako."

Bibi akataka kuelezwa. Nikamweleza kwamba, mbele ya mataifa yote, sisi tunauza asali ya hayawani wa porini. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mama wa shanga hakucheka. Aliokota mkoba wake akaanza kuhesabu mikufu yake, ishara ya kuwa kwake mkutano umekwisha.

"Libadilishe," nikamwambia mtaalamu.

"Jina likishaandikishwa halibadilishwi. Labda tuandikishe lingine, na hilo ni malipo mengine. Halafu, dada yangu, nani ataona? Wazungu hawaangalii herufi moja."

Nilimtazama mtu huyu mzima akiniambia kwamba wazungu hawataona kosa kwenye lugha yao wenyewe, na nikajua kuwa amejiaminisha hivyo tangu njiani, ndani ya koti.

Duka likafunguliwa hivyo hivyo. Kwenye ukurasa wa kwanza aliweka picha ya chupa ya asali ambayo haikuwa yetu, na nyuma yake twiga. Sijawahi kumwona twiga Sindeni, na wala nyuki wetu hawajawahi kumwona. Kila Jumamosi nilikwenda chumbani kwake kusoma barua pepe za wateja. Hazikuwepo. Mtaalamu alisema jina jipya huchukua muda kuenea duniani. Kisha siku moja barua ikaja. Mtu wa nchi ya mbali, mwenye adabu sana, aliuliza kama tunaweza kumsafirishia nyumbu wakiwa hai, na kama ndiyo, jike na dume.

"Umeona?" mtaalamu akasema, na macho yake yaling'aa kwelikweli. "Mteja wa kimataifa!"

Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Haikudumu.

Msimu wa uchaguzi ulipofika, mtaalamu alichukua fomu ya kugombea udiwani. Hatukushtuka, kwa kuwa koti lile lilikuwa linaelekea huko siku zote. Jumamosi iliyofuata nilipoliandika jina la duka letu, twiga hakuwepo. Chupa haikuwepo. Palikuwa na uso wa mtaalamu, mkubwa, ameshika kidevu kama mtu anayefikiria mustakabali wa taifa, na chini yake ahadi za maji, barabara na ajira kwa vijana. Na juu kabisa, kwenye kile kisanduku cha anwani, lilisomeka lile lile neno la hayawani.

Nikamwita bibi aje atazame. Akaangalia picha, akaniuliza jina linasemaje, nikamkumbusha.

"Sasa limempata mwenyewe," alisema bibi.

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nilikuwa nimewaambia ndugu zangu Sindeni kwamba asali yao inaonekana duniani. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefunga safari hadi mjini akiwa amevaa shati la Idi, akataka kuonyeshwa, na nilimwonyesha. Alisimama mbele ya ile kompyuta mikono nyuma kama mtu aliye mazikoni. Sasa nimwambie nini? Kwamba dunia imeondolewa?

Nilimfuata mtaalamu kwenye meza yake.

"Toa uso wako dukani kwetu."

"Dada, usikasirike. Ni kwa muda tu. Na kisheria jina ni langu. Limeandikishwa kwa jina langu."

"Ulituambia ni jina letu."

"Niliwaambia hakuna mwingine anayeweza kulitumia." Akatabasamu. "Na hakuna."

Mama wa shanga alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kitu kwa Kimaasai, kifupi, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Twende. Huyu hana ng'ombe, hana hata zizi. Amebaki na jina."

Tukaenda. Wiki ile ile nikapanda basi mpaka Tanga, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikiandikisha majina yanayoishia na herufi za nchi yetu. Hakuna aliyenihubiria brendi. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kaunta, mwenye mafua, alinieleza kwamba domeni ni kama kibao cha njia. Duka lenyewe, yaani kurasa na picha, hukaa kwingine, kwenye kompyuta kubwa ya kukodi inayoitwa seva, na kibao hicho huelekezwa huko. Jina nalo halinunuliwi moja kwa moja. Hulipiwa kila mwaka, na usipolilipia linamponyoka mwenyewe. Kisha akapenga kamasi na kuniuliza jina. Mambo ambayo mtaalamu alinichorea mishale msimu mzima, huyu aliyamaliza kati ya chafya mbili.

Palipoandikwa mmiliki, nilijaza jina la kikundi chetu. Nililiandika lile jina la domeni kwa mkono wangu, asalinashanga, nikalisoma kwa kidole herufi kwa herufi, nikarudia kutoka mwisho kuja mwanzo, kama nilivyofundishwa kusahihisha chapa. Mama wa kaunta akaniangalia.

"Uliwahi kuumwa na nyoka?" aliuliza.

"Na herufi A," nikamjibu.

Kesho yake jina lilifunguka. Nililifungulia kwenye chumba kingine cha intaneti, upande wa pili wa barabara, ambako hakukuwa na koti. Kulikuwa na picha tatu tu nilizosaidiwa na mwenye chumba kuziweka kwenye seva ya kukodi: chupa yetu, mikufu ya mama, na bakuli la bibi la mdalasini. Zilikaa vibaya, moja ikiwa imeinama kidogo. Nilikaa nikizitazama mpaka mwenye chumba akaniuliza kama nimemaliza.

Oda yetu ya kwanza haikutoka Ulaya. Ilitoka Mkumbara, palepale kwenye barabara ya Moshi, kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka asali isiyochanganywa na sukari na hakujua aipate wapi. Tulimpa kondakta chupa mbili, zikafika kabla ya chakula cha mchana. Bibi alisikitika kwamba dunia iko karibu kiasi hicho. Mimi nilifurahi. Mwalimu yule aliwaambia wenzake, na wenzake wakawaambia ndugu zao walioko Dar, na kwa njia hiyo duka likaanza kutembea, polepole, kwa Kiswahili.

Mtaalamu alishindwa uchaguzi. Mwaka wa jina lake ulipokaribia kuisha, alikuja kibandani, safari hii akimwamkia bibi shikamoo kwa magoti yaliyokunjwa, akapendekeza tulinunue lile jina lake la Kiingereza. Alisema limeshazoeleka.

"Marahaba, mwanangu," bibi alimwitikia. "Kaa nalo. Utafuga nyumbu."

Siku hizi anaendesha semina za biashara ya mtandao kwa wanawake, na ana koti jipya. Mwaka mmoja nilialikwa katika mojawapo, kwenye ukumbi wa Handeni. Nilikaa nyuma nikamsikiliza akiwasimulia kina mama jinsi alivyowatoa gizani wanawake watatu wa Korogwe akawapa duka duniani. Alisimulia vizuri, kwa sauti ya kutetemeka mahali panapostahili. Mshiriki mmoja akauliza duka hilo linaitwaje, na mtaalamu, akinitazama moja kwa moja bila kupepesa, akasema, "Asalinashanga. Jina hilo nililichagua mimi mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Mama wa shanga, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, aliniuliza kama tutasimama tuseme kitu. Nikamwambia pilau inapakuliwa. Tukaenda kupanga foleni, tukala pilau ya mtaalamu, tukaongeza, na mwisho nikamwachia karani wa mlangoni, ampe mtaalamu, chupa yetu moja yenye lebo, jina limeandikwa sawasawa.