Niliformat hard disk ya Maman Béa nikidhani nimeshacopy video ya marehemu mumewe

Piip!

Kasauti kafupi, ka furaha kabisa. Hadi leo nakakumbuka.

Wakuu, nawasalimu wote. Hii haikumtokea rafiki wa rafiki yangu, ni mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Niko Brussels, Saint-Gilles, nafanya usafi wa maofisi kule Porte de Namur. Nimepanga chumba kwa Maman Béa, Mkongo wa Likasi. Shule yangu ni form four tu, ila siku moja nitakuwa na duka langu la kutengeneza kompyuta. Andikeni mahali.

Maman ana kile kidude kidogo cha TV kinachotumia programu ya Linux, kina hard disk ndani. Humo kuna video za ndugu na kwaya yao, na moja ambayo ndiyo roho yake: marehemu mumewe, Papa Léon, akifundisha kwaya sebuleni. Kila Jumapili wakitoka kanisani, chai inamiminwa, Papa Léon anawekwa.

Basi kidude kikaanza kukwama. Video inakatika katikati, kinaandika disk error. Nikasomasoma mtandaoni, wanasema dawa ni kuformat.

"Maman, niachie mimi."

Na nilicopy kwanza, msinione mjinga kihivyo! Nikachomeka flash, nikachagua orodha ya video zote, copy. Sekunde mbili, tayari. Nikasema loh, Linux ina mbio!

(Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nilipiga makofi.)

Nikabonyeza format. Piip.

Kufungua flash, majina yote yapo, video hakuna hata moja. Nilikuwa nimecopy playlist. Orodha ya majina tu!

Nikachomoa waya, nikakaa chini jikoni. Maman akarudi kutoka kazini akanikuta hapo.

"We mutoto, unalilia nini?"

"Nimefuta video, Maman. Zote."

"Na ya Papa?"

Nikaitika kwa kichwa. Akavua viatu taratibu, kimoja, kisha cha pili.

"Donc Papa amekufa mara ya pili, na muuaji iko mu jikoni yangu." Akanisukumia sahani. "Bon. Kula. Kesho utamufufua."

Alikuwa anatania, lakini yeye mwenyewe hakula.

Kesho yake nikabeba kidude, nikaenda Saint-Josse kwa Hamza, fundi wa simu na laptop, Mrundi wa Bujumbura.

"Tangu ufute, umeweka kitu kingine humo?"

"Hapana, nilichomoa hapo hapo."

"Alors una bahati, dada. Umechana ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu kipo. Ungeweka hata filamu moja juu yake, ningekupa pole."

Hakufanya yeye, alinikalisha mimi kwenye kiti chake, akanielekeza jinsi ya kuvuta mafaili kwenda diski nyingine. Yalirudi bila majina, namba tupu, na mengine yamekatika.

Siku nne, tukitoka kazini, mimi na Maman tunafungua moja moja. Harusi. Ubatizo. Mtu anakula tu.

"Huyu nani, Maman?"

"Sijui, lakini ile nguo ni yangu, aliikopa hakurudisha!"

Tulicheka hadi basi. Papa Léon, hakuna.

Nilichojifunza: copy yako ifungue, icheze hadi mwisho, ndipo uformat. Na ukishakosea, chomoa, usiweke kitu juu yake.

Wataalamu, ile disk error ningeitibuje bila kuformat? Na mliowahi kufuta vitu vya watu, jitokezeni, nisione aibu peke yangu.

Eh, Papa Léon. Leo asubuhi Maman yuko kazini, nikafungua faili jingine la namba ndefu. Mzee mwenye miwani, anagonga meza kwa kijiko: "Soprano, muko mbio sana! Tena!"

Sikumpigia Maman kwanza. Nimeitazama yote, hadi pale anapocheka na kuja kuizima kamera mwenyewe. Haijakatika popote.

Nikafuta ile namba, nikaandika jina lake.