Boneti Linapokuwa Wazi

Mume wangu ni fundi wa magari hapa Busia, na hakuna gari linalomtoa jasho kama la mama yangu. Kwetu mama mkwe hakaribiwi. Mkwe hampi mkono, haketi naye kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha kando akitazama mashamba. Sasa jaribu kutengeneza gari la mtu kama huyo.

Na mama hana gari la kizee. Ana gari la turbo, alilolinunua kwa pesa za karanga na mihogo ya shambani kwake Iyolwa, na huliendesha kama anayefukuzwa na nyuki. Magoti yake hayawezi tena kupanda bodaboda, kwa hiyo gari hilo ndilo linalomleta kwangu kila Jumamosi. Siku lilipoanza kutoa moshi wa buluu, alisimama katikati ya gereji akaniambia mimi, "Ambia bwana yako, hii gari nakunywa oili. Ikitoa moshi tena, mimi nauza. Na ingine sinunui."

Bwana mwenyewe alikuwa pale pale, ameugeuzia uso ukuta. Alisikia kila neno. Kwangu mimi, zilizokuwa zinauzwa ni Jumamosi zangu.

Mama alipoingia ndani kunywa chai, mume wangu alinieleza. Injini ya turbo hupumua kwa nguvu. Kuna hewa inayopenya kando ya pistoni ikajaa tumboni mwa injini, na lazima itoke. Paipu ya mpira huirudisha kwenye turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ikaungue humo. Ikiwa imebeba mvuke wa oili, oili nayo inaungua, ndiyo moshi ule. Dawa yake ni kufunga kopo katikati ya paipu. Hewa inapita humo, oili inabaki chini.

Alilifunga kopo kwa ustadi, klipu zote zimekazwa. Ila aliliweka mbali, chini ya taa ya mbele, na kibomba cha kumwagia oili kikachungulia nje ya bampa. Alitaka aweze kuchuchumaa na kumwaga oili akiwa amekipa kioo cha mbele mgongo, asionane na mkwe aliye kwenye usukani. Ndiyo maana paipu ikawa ndefu, ikashuka mpaka chini ya kopo, kisha ikapanda kulifuata. Heshima ilimponza.

Jumamosi iliyofuata tulilijaribu. Mimi nilikaa na mama, mume wangu akatufuata kwa pikipiki, kwa kuwa hawezi kupanda gari moja na mkwewe. Alikuwa akitazama bomba la ekzosi, na kweli lilikuwa safi. Basi mama akafurahi, na akifurahi hukanyaga mafuta. Hatujafika mbali kwenye barabara ya Tororo, harufu ya oili ikatujaa puani na moshi ukafuka chini ya boneti.

Mama alisimamisha gari, akazima injini, akaacha mikono juu ya usukani. Nikajua anafikiria bei ya kuliuza.

Mume wangu aliinua boneti, nami nikashuka nikasimama kando. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimesukumwa nje, na oili imerukia injini ya moto. Alipochomoa paipu, pale ilipolala chini pakamwagika oili na maji ya mvuke uliopoa, rangi ya chai ya maziwa iliyochacha. Hewa ilikuwa imekosa pa kupita, ikakisukuma kijiti. Alicheka peke yake, kicheko cha aibu. Kisha akakata paipu, akalileta kopo kando ya injini, chini kidogo ya mahali hewa inapotokea, ili oili iteremke tu bila kupanda popote. Namwonea fahari mtu huyu. Alifanya kazi bila haraka, ingawa mkwe alikuwa nyuma ya bati lile.

Ndipo sauti ikatoka kwenye usukani, na haikuwa inaniita mimi. "Mkwe. Umeona nini?"

Bisibisi ilisimama hewani. Nilitazama huku na huku, nikaelewa: boneti lilikuwa limesimama kati yao kama pazia. Hakuna aliyemwona mwenzake.

"Mama, paipu ililala chini," akaijibu injini. "Oili ikakaa ndani, ikaziba pumzi. Kosa ni yangu."

Mama akaondoa mikono kwenye usukani. "Sawa. Tengeneza. Hii gari iko na fundi."

Moshi haujarudi. Kila Jumamosi mama akifika kwetu huvuta mwenyewe kamba ya boneti kabla hata hajazima injini. Oili inayotoka kwenye kopo siku hizi haijazi kijiko, na kazi yenyewe huisha mara moja. Lakini boneti hubaki wazi mpaka jua ligeuke, mama kwenye usukani, mume wangu kwenye injini, wakizungumza juu ya mvua na karanga za Iyolwa. Mimi huleta vikombe viwili vya chai, kimoja kila upande.